Kilima cha Vipande Elfu Nne

Biharwe, Mbarara
22 Machi 2025

Mjomba wangu Modeste,

Salamu zikufikie wewe na Mama Orpa, na wote wa Misiera wanaouliza habari zangu ili tu wajue kama nimenenepa. Sijanenepa. Bado napanga chumba kwa Sajenti Sulaiman, karibu na kambi ya jeshi, na mke wake Ketty ananihesabu kama mtoto wa nyumba. Nikichelewa kutoka chuoni ananifunikia matoke kwa majani ya mgomba, na hataki kusikia kwamba nimeshakula. Masomo yanaendelea. Huu ni mwaka wa mwisho wa uhandisi, na sasa niko kwenye ile kazi moja ambayo kila mwanafunzi anaifanya peke yake na kuitetea mbele ya walimu.

Simu yako ya Jumanne ilinifikia, ingawa upepo wa huko juu kilimani ulikula nusu ya maneno. Nilichosikia ni kwamba ukuta wa shule ya chekechea umepasuka baada ya mvua, na mlango wa nyumba yenu haufungi tena. Mjomba, shule ile na nyumba yenu zote ziko mguuni mwa kilima cha maombi. Vitu viwili vikipinda wiki moja chini ya kilima kimoja, mimi siulizi ukuta, nauliza kilima.

Kwa hiyo nimebadilisha kazi yangu. Nilikuwa nimepewa tuta la barabara ya Masaka, ambalo wanafunzi watatu wamelipima kabla yangu. Nimemwomba Mwalimu Stellah, anayenisimamia, niache tuta nipime kilima chetu. Alikubali shingo upande.

Najua utauliza ninavyokipima, basi nakueleza. Nakichora ndani ya kompyuta kama mtu aliyekikata kwa kisu toka juu hadi chini, ubavu ukabaki wazi. Ubavu huo naukata tena pembetatu ndogo, kama elfu nne hivi. Wenyewe wanaiita njia ya vipande vyenye ukomo. Kila pembetatu ina uzito wake, inamsukuma jirani na jirani anaisukuma. Kompyuta inazipigia hesabu zote kwa pamoja mpaka zipatane. Kisha nauondolea udongo nguvu makusudi, kidogo kidogo, mpaka kilima kianguke mle mle kwenye kompyuta. Ikiwa nimelazimika kugawa nguvu zake kwa moja na nusu ndipo kianguke, namba ya usalama ni moja na nusu, na watu wakae kwa amani. Ikiwa ni moja, kilima kiko ukingoni. Ikishuka chini ya moja, watu wahame.

Lakini kompyuta haijafika Nakivale, na mimi kuja siwezi kwa sasa. Usiniulize sababu, ni mambo ya chuo. Nipimie wewe: urefu wa kilima na mteremko wake, matabaka ya udongo, na maji ya kisimani yako umbali gani kutoka juu. Nitumie pia udongo wenyewe, usiovurugwa. Ukate kwa kopo la maziwa na uzibe pande zote kwa nta ya mshumaa ili unyevu usitoke. Namba usinitajie kwa simu, ziandike. Pacifique akija kuchukua bidhaa za duka lake mjini, aache mzigo kwa Ketty.

Wako mtiifu,
Doriane

Misiera, Nakivale
19 Aprili 2025

Mwipwa wangu Doriane, mtoto wa dada yangu,

Mungu apewe sifa, tunapumua. Orpa anakusalimu na anasema mtu anayekula matoke ya watu asisahau kwamba maharagwe ya kwao yameiva. Mbuzi yule mweusi amezaa mapacha, mmoja ana tabia ya pasta wetu Sebagabo: akianza kulia hajui kumaliza. Usimwonyeshe mtu barua hii.

Sasa kazi. Nilifundisha hesabu miaka kumi na tisa kule milimani kwetu kabla vita havijafunga shule, na hakuna aliyenituma kupima kilima. Umenirudishia ujana. Nilifunga mafundo kwenye kamba, fundo kila mita. Nikaazima kwa fundi ule mpira mwembamba wa maji wanaosawazishia msingi. Siku tatu nilipanda na kushuka, Orpa akiwa ameshika ncha ya chini na kunipigia kelele kwamba niko na viatu vya kanisani.

Kilima kina mita kumi na nne kwenda juu, na mguu wake uko mita ishirini na nne kwa usawa kutoka ukingo wa juu. Juu kuna udongo mwekundu mita moja na nusu. Chini yake kuna wa manjano, ukiulowesha unateleza kama sabuni, unaendelea mita sita. Halafu kuna jiwe bovu linalomeguka kwa jembe. Kisima cha shule kina maji mita mbili tu kutoka juu. Kiangazi kilichopita yalikuwa mita tano. Nimechora yote kwenye karatasi ya pili, kwa rula.

Makopo ni sita. Pacifique anasema ndani ya gari watu walisikia harufu ya mshumaa, wakaona makopo yamefungwa kwa vitambaa, wakamuuliza kuna mfu gani humo. Akajibu kwamba ni kilima, kinaenda hospitali. Mama mmoja alishuka Kabingo kabla ya safari yake kuisha.

Nimekuandikia kila kitu kilicho cha udongo na cha maji. Watoto wa shule ni sitini na wanne, wanakusalimu bila kukujua.

Mjomba wako,
Modeste

Biharwe, Mbarara
25 Mei 2025

Mjomba mpendwa,

Furahi pamoja nami kwanza, salamu zitafuata! Makopo yako yalifika yakiwa na unyevu wao wote. Fundi wa maabara aliniuliza ni kampuni gani iliyochimba, nikamwambia ni kampuni ya mwalimu wa hesabu na viatu vya kanisani.

Nimeziingiza namba zako zote. Nimekata kilima, nimekinyeshea mvua, nimekidhoofisha mpaka kikaanguka. Wakati wa kiangazi namba ni 1.46. Mvua ikijaa kama mwezi wa nne, ni 1.31. Kilima hakiendi popote, Mjomba! Mwambie Mama Orpa amwite fundi arekebishe mlango. Nadhani msingi wa nyumba ulilainika tu. Na ukuta wa shule uzibwe.

Wiki ijayo naitetea kazi hii mbele ya walimu. Niombeeni. Ketty anawasalimu, Sajenti Sulaiman naye anauliza lini mtaleta maharagwe hayo mnayojivunia.

Wenu,
Doriane

Misiera, Nakivale
8 Juni 2025

Mwipwa wangu,

Sisi ni wazima, mapacha wa mbuzi wanaruka. Tumeshukuru sana kwa namba yako.

Fundi alikata mlango chini, ukafunga vizuri siku nane. Siku ya tisa ukakwama tena. Orpa ameweka mikono kiunoni na kuniambia, "Modeste, huyu mulango haiko na pepo. Ni mulima njo unatembea. Andikia mutoto." Basi nakuandikia. Ukuta wa shule tuliuziba kwa saruji na sasa ufa umerudi pale pale, kidole kinaingia. Huko juu, nyuma ya ukingo, majani yameachana kwa mstari uliopinda kama mundu. Nimepigilia vigingi pande mbili za mstari na kufunga kamba.

Pengine ni ardhi inakauka tu. Namba yako ni nzuri, tuishike hiyo.

Modeste

Biharwe, Mbarara
19 Juni 2025

Mjomba wangu,

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Mama Orpa nampa salamu za pekee, maana ameona zaidi ya walimu wanne.

Niseme ukweli: sikupita. Nilisimama mbele yao na picha zangu za rangi, na Mwalimu Stellah akaniuliza swali moja tu. "Umetuletea kilima kisichoanguka," alisema. "Sasa nieleze nyumba zilizopasuka." Nilisema labda misingi. Akaniuliza nimeona misingi mingapi. Wamenipa mpaka Septemba niirudie, la sivyo mwaka mzima umepotea. Nililia kwenye bafu la Ketty, maji yakiwa wazi ili asisikie. Akasikia. "Bambi, pole, kula kwanza," akasema, na akakaa hapo mpaka nikamaliza sahani.

Siku mbili baadaye Sajenti Sulaiman alivuta kiti akatazama kompyuta yangu muda mrefu. Yeye hajui pembetatu, lakini amechimba mahandaki sehemu nyingi. Akasema, "Wewe binti, hii kilima yako juu yake iko nini?" Nikasema hakuna kitu, ni mahali pa maombi. Akasema, "Sisi tukichimba handaki, kitu ya kwanza tunaangalia ni mzigo iko kwa ukingo. Weka masanduku ya risasi pale, ukuta inakuja ndani na wewe. Hiyo mashine inajua ile tu umeiambia."

Mjomba, kuna uzito fulani ambao sikuuweka, kwa sababu sikuambiwa. Mstari uliopinda kama mundu ni mwanzo wa maporomoko, hauna jina lingine. Nimekupigia mara nne na hukupatikana. Nakuuliza kwa heshima yote: juu ya kilima kuna nini?

Watoto waondoke kwenye darasa lile leo. Wasomee kanisani. Hili siliombi, nalisema.

Doriane

Misiera, Nakivale
29 Juni 2025

Mwipwa wangu,

Pole kwa yaliyokupata chuoni. Hata mimi mwaka wa kwanza wa ualimu mkaguzi alinirudisha nyuma, nikaapa nitachunga ng'ombe. Watoto tumewahamishia kanisani tangu Jumatatu, wanaimba mpaka pasta Sebagabo anasahau mahubiri yake. Mbuzi ni wazima. Jirani yetu Fébronie amepata kiwanja kipya baada ya majuma sita ya kungoja pale Kabazana wanakopokelewa wakimbizi wapya, na amekuja kushukuru. Mahindi si mabaya. Kikwaya cha akina mama kimepata sare za bluu.

Unauliza juu kuna nini. Juu ni pa maombi. Umekulia hapa, unajua.

Orpa hasemi na mimi wiki hii.

Modeste

Biharwe, Mbarara
6 Julai 2025

Mjomba wangu Modeste,

Nakuheshimu kama baba, na ni kwa sababu hiyo barua hii haina mbuzi.

Nilimwomba Ketty amtume Pacifique apande juu na simu yake apige picha. Nimeiona. Mawe ya shukrani! Nilipoondoka kwenda sekondari yalikuwa rundo la kufika kiunoni mwa mtoto. Sasa Pacifique amejipiga picha pembeni yake na kichwa chake hakifiki juu. Amehesabu hatua thelathini kwa urefu na nane kwa upana. Miaka kumi na mbili, kila aliyejifungua salama, kila aliyepona, kila aliyepata kiwanja, kila aliyeitwa kwenda Kanada, ameokota jiwe bondeni, akalipandisha, akaliweka hapo. Nimepiga hesabu. Ni zaidi ya tani mia tano, na yako kwenye ukingo hasa. Mtandao wa simu unapatikana hapo tu, Mjomba. Kila uliponipigia ulikuwa umeyaegemea.

Nimeyaweka kwenye kompyuta. Kwa mvua ya Aprili namba ni 1.02. Ndiyo maana milango ilikwama na kilima kikabaki. Ufa ule ukijaa maji ya Oktoba, ni 0.94. Pembetatu zinageuka nyekundu kutoka kwenye ufa wenu, zinapita kwenye udongo wa manjano, zinatokea chini ya darasa. Nilitazama mara moja nikafunga kompyuta.

Halafu kuna hili la pili. Mawe hayo mliyatoa bondeni, yaani mguuni mwa kilima, ambako yalikuwa yanakizuia. Tumekivua viatu tukakivika kofia. Hakuna mkandarasi ambaye angekosea hivi. Tumekosea kwa kushukuru.

Lakini tazama karatasi niliyoambatanisha. Nimeyashusha mawe yote hadi chini, nikayapanga kama ngazi pana mbele ya mguu wa kilima, juu ya kokoto ili maji yapite. Namba inapanda hadi 1.41, hata ufa ukiwa umejaa. Mawe yale yale! Hatuhitaji hata gari moja la saruji. Ila lazima yashuke kabla ya katikati ya Septemba, na yapitie njia ya pembeni, mtu asikanyage ubavu uliopasuka wala asisimame chini yake. Anzeni na yale ya ukingoni.

Sijui kwa nini ulinificha. Nami nilikuficha kitu. Mwezi wa tatu niliteleza kwenye shimo la kupimia udongo, mguu ukavunjika mahali pawili. Ndiyo "mambo ya chuo." Nilijua Mama Orpa angefunga safari na kuacha shamba. Plasta inatoka mwisho wa mwezi huu. Sasa tumekuwa sawa, niambie na wewe.

Doriane

Misiera, Nakivale
17 Agosti 2025

Doriane, mtoto wa Perpétue,

Kwanza mguu. Orpa alisoma barua yako kwa sauti, alipofika hapo akaingia ndani kufunga mizigo. Nimemzuia kwa shida. Chupa ya mafuta ya kukandia iko ndani ya gunia la maharagwe, na nusu ya gunia ni ya Sajenti. Alichouliza yeye, juu ya kilima kuna nini, kilinishinda mimi mwenye cheti.

Sasa yangu. Jiwe la kwanza pale juu ni la mama yako. Siku tulipopewa kiwanja, alikuambia umngoje nami chini, akalibeba peke yake, akitoa shukrani kwamba ulifika hai. Ulikuwa na miaka kumi. Watu wakamwona, wakafuata. Alipofariki miaka mitatu baadaye, kaburi lake likawa makaburini kama la kila mtu, lakini mimi nilikuwa napanda kule. Nilijua jiwe lake liko chini kabisa ya rundo na hakuna mtu atakayeligusa. Ulipoomba vipimo, mkono wangu uliandika udongo, ukaandika maji, ukakataa kuandika mawe. Nilijiambia si udongo, si maji. Mwalimu wa hesabu, nikaacha namba moja makusudi, na watoto sitini na wanne wamekaa chini yake. Nisamehe. Naandika na naona haya.

Jumapili ya tarehe 13 Julai nilisimama kanisani na karatasi yako. Haikuwa rahisi. Mzee mmoja wa kanisa alisema, "Ile mawe ni ya Mungu, haiko ya kompyuta. Batu batasema tumeogopa mvua kuliko Yeye." Wengi wakaitikia. Nikawaeleza pembetatu, hawakuelewa. Nikawaeleza kofia na viatu, wakacheka, wakaelewa. Lakini mwenye kumaliza maneno alikuwa Orpa. Alisimama na kusema, "Mulitoa mawe kwa kushukuru juu ya batoto. Sasa mutaacha mawe yauwe batoto? Mungu hakuomba yakae fasi gani. Mimi naenda kubeba." Akatoka, kwaya ya bluu nyuma yake. Pasta Sebagabo alifunga ibada bila baraka ya mwisho, kwa mara ya kwanza.

Jumamosi tano, Doriane! Natamani ungeona. Watu mia sita na zaidi, na wa makanisa mengine, na Warundi wa ng'ambo ya bonde, na wenyeji wenye ng'ombe waliokuja kutazama wakaishia kubeba. Tulipanga mistari miwili kwenye njia ya pembeni, jiwe likipita mkono kwa mkono toka juu mpaka chini kama maji mferejini. Nilisimama kwenye vigingi na filimbi, na mtu akikanyaga ubavu napuliza mpaka ananichukia. Chini akina mama walitandika kokoto kwanza, kiganja kimoja na nusu, kama karatasi yako inavyosema, wakapima kwa rula yangu. Watu walikuwa wanatambua mawe yao! Mama mmoja alilishika lake na kupiga kelele, "Hii ni ya Junior wangu!" na Junior mwenyewe, sasa ana ndevu, akalipokea akalishusha.

Jiwe la mama yako lilitoka Jumamosi ya jana, la mwisho. Nililijua kwa alama ya rangi nyeupe. Watu wakaniachia njia. Nililishusha mwenyewe. Kwa kuwa lilishuka la mwisho, sasa liko juu kabisa ya ngazi ya mawe, mbele ya mlango wa darasa. Sikujua kwamba naweza kulia na kufurahi kwa mdomo mmoja.

Kamba ya vigingi haijavutika tangu Jumamosi ya tatu; vipimo vyake vyote na mchoro wa ufa viko kwenye karatasi ya pili.

Mjomba wako asiyeficha tena,
Modeste

Biharwe, Mbarara
21 Septemba 2025

Mjomba wangu, na wewe Mama Orpa uliyemaliza maneno,

Natembea! Mguu bado unachechemea nikishuka ngazi, lakini mafuta yameisha na Ketty anaomba mengine kwa goti lake. Sajenti amekula maharagwe, akaipigia sufuria saluti.

Nimepita! Nilitetea kazi Alhamisi. Nilianza na picha ya Mei, ile ya kilima kisichoanguka, nikasema mbele yao wote: hili lilikuwa kosa, na kosa halikuwa la hesabu. Nikaonyesha rundo. Nikaonyesha ufa wa mundu uliouchora wewe, na mstari mwekundu wa kompyuta juu yake. Vilipishana kwa nusu mita tu, Mjomba. Nusu mita! Nikaonyesha vigingi vyako, Jumamosi kwa Jumamosi, jinsi mwendo ulivyopungua kadiri mawe yalivyoshuka mpaka ukasimama. Walimu walisogeza viti mbele. Mwalimu Stellah aliuliza nani alisoma vigingi. Nikamwambia ni mkaguzi mkuu wa kilima, jina lake Modeste. Ameandika jina lako kwenye ukurasa wa shukrani kwa mkono wake, na amesema watatu wanaotaka tuta la barabara mwakani wataisoma kazi yangu kwanza.

Nilicheka mpaka barabarani. Kisha nikakumbuka kwamba walimu wamepitisha karatasi, kilima hakijapita bado. Mvua zinaanza. Uzibe ufa kwa udongo wa manjano ulioshindiliwa, na watoto wasirudi darasani mpaka kisima kifike mita mbili na kamba iwe haijasogea. Mtihani wangu hasa ni huo. Niandikie hata kama habari ni mbaya, hasa kama ni mbaya.

Wenu,
Doriane

Misiera, Nakivale
16 Novemba 2025

Mhandisi Doriane,

Ndiyo, nakuita hivyo, na nimewaambia wote wakuite hivyo. Tuko wazima, shamba limelowa, mbuzi wamejaa uzembe wa mvua.

Oktoba yote ilinyesha. Kisima kilipanda kidogo kidogo, tarehe 24 kikafika mita mbili, kamba haikusogea. Nikangoja juma moja zaidi kwa ukaidi wangu, kisha nikawarudisha watoto. Halafu ikaja Alhamisi iliyopita. Ilianza saa nne asubuhi, watoto wako ndani wanasoma herufi, na ilipiga kama haijawahi kunyesha tangu tufike nchi hii. Barabara ya Base Camp ilikatika. Upande wa pili wa bonde, kilima ambacho hakina mtu kilimeguka, tuliona miti inashuka imesimama. Wazazi walikuja mbio kuchukua watoto. Nilisimama mlangoni nikiwa na kamba yangu ya mafundo mkononi, nikawaambia wangoje kidogo. Sijui nilipata wapi ujasiri. Naam, najua: ni ile 1.41.

Nilipanda njia ya pembeni nikapima. Kamba ya vigingi haikuwa imevutika hata kwa unene wa msumari. Nikashuka kwenye ngazi ya mawe. Maji yalikuwa yanatoka katikati ya mawe kila mahali, mengi, masafi, bila chembe ya udongo. Kilima kilikuwa kinakojoa vizuri, alisema Orpa, na wazazi wakaanza kucheka na mvua usoni, na mtu mmoja akaanza kuimba, na basi, ndani watoto wakaitikia. Ukuta ulibaki mzima. Mlango wetu Orpa aliufungua na kuufunga mara ishirini mbele ya majirani. Kilima kimepita mtihani wako.

Sasa watu wanaweka mawe yao ya shukrani chini, kwenye ngazi, nami nawaonyesha mahali. Lakini kuna jambo hakuna anayelijua, hata Orpa. Miaka yote hiyo nimewaelekeza watu pa kuweka mawe, mimi mwenyewe sikuweka hata moja. Tulipomzika mama yako nilimwambia Mungu kwamba langu asilingoje.

Ijumaa, mvua ilipokatika, nilikwenda bondeni nikachagua kubwa. Orpa alinikemea kwamba mgongo wangu si wa miaka ishirini, nikalibeba hivyo hivyo, nikisimama kila hatua kumi. Fébronie alinikuta nalipanga, akauliza jiwe hilo zito hivyo ni la nini.

Nikamwambia, "Ni juu ya mwipwa wangu wa ku Mbarara. Alibeba huu mulima muzima akauweka mu kompyuta, akaturudishia uko unasimama."

Mjomba wako,
Modeste